Protini ile ile kwenye karatasi, laisini pungufu kihorini: kisa cha majike wa uzao wa kwanza

Usuli wa kisa

Laisini ni mojawapo ya asidi amino, yaani viunzi vinavyojenga protini, na kisa hiki kinahusu upungufu wake kwa nguruwe wenye mimba. Shamba linalozungumziwa hapa lilikuwa na nguruwe majike wasiofika hamsini. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzaa mara tatu au zaidi, na tisa walikuwa majike wachanga waliobeba mimba yao ya kwanza. Majina, mahali na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mwenye shamba yameondolewa, na tarakimu za chakula na uzito zimetolewa kwa makadirio ya karibu kutoka kwenye daftari la shamba.

Majike waliokwisha kupandwa walikaa sita sita katika kila chumba cha banda, wakubwa na wadogo pamoja, na walilishwa asubuhi na jioni kwenye kihori kimoja kirefu. Chakula kilichanganywa shambani. Kwa miaka kadhaa mchanganyiko wa majike wenye mimba ulikuwa na mahindi yaliyoparazwa asilimia 55, pumba za ngano asilimia 30 na mashudu ya soya asilimia 12, na sehemu iliyobaki ilikuwa madini, chumvi na vitamini. Protini ghafi ya mchanganyiko huo ilikuwa asilimia 14 na kitu, na kila jike alipata kilo 2.2 kwa siku, kwa makopo mawili.

Ndipo mashudu ya soya yalipoadimika. Kwa ushauri wa muuzaji wa malighafi, mwenye shamba aliyaondoa kabisa na mahali pake akaweka mashudu ya alizeti yenye maganda, asilimia 20, huku mahindi yakipunguzwa hadi asilimia 47. Kwa kuwa ni mtu makini, alipeleka sampuli maabara kabla ya kuendelea, na jibu likaja kwamba protini ghafi ni asilimia 14. Alilinganisha na karatasi ya zamani, akaona tofauti ni ndogo mno, akaridhika. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuja kuchelewesha ufumbuzi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila mara chakula kilipotajwa, jibu lilikuwa tayari limekwisha kuandikwa na kupigwa muhuri.

Mambo yalivyofuatana

Mabadiliko yalifanyika wakati majike wachanga wale tisa walipokuwa katika mwezi wa kwanza wa mimba. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 au 115, kwa hiyo sehemu kubwa ya mimba yao ilipita wakila mchanganyiko mpya. Kwa wiki nyingi hakuna aliyeona tatizo. Majike hawakutupa mimba, hawakuugua, na walimaliza chakula chao mapema kuliko zamani, jambo ambalo wahudumu walilichukua kuwa dalili ya hamu nzuri ya kula.

Walipozaa, idadi ya watoto haikuwa mbaya, lakini watoto wenyewe walikuwa wadogo. Wastani wa uzito ulikuwa kilo 1.1, na karibu kila mzao ulikuwa na watoto kadhaa walio chini ya kilo moja. Hao ndio waliokufa zaidi katika siku tatu za mwanzo, kwani mtoto mdogo hupoa upesi na hana nguvu ya kugombea chuchu, na asiponyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ya kutosha katika saa 24 za kwanza hubaki bila kinga, kwa kuwa kingamwili za mama wa nguruwe hazipiti kwenye kondo kumfikia mtoto akiwa tumboni. Kufikia wiki ya tatu ya kunyonyesha, mama zao walikuwa wamekonda waziwazi, mifupa ya nyonga imetokeza na misuli ya mgongo imebonyea. Baada ya watoto kuachishwa, majike wakubwa walirudi kwenye joto, yaani hali ya kuwa tayari kupandwa tena, ndani ya siku 4 hadi 7 kama kawaida. Kati ya wale wachanga, wengine walichelewa wiki mbili au zaidi, na wawili hawakurudi kabisa.

Dhana ya kwanza ya mwenye shamba ilikuwa ugonjwa. Daktari wa mifugo aliitwa, akachukua damu, akakagua kumbukumbu za chanjo na kuulizia watoto waliokufa tumboni. Hakukuwa na watoto waliokauka wa ukubwa tofautitofauti, dalili ambayo ingemfanya afikirie parvovirasi, virusi vinavyoua vijusi tumboni, wala hakukuwa na mimba zilizotoka, na vipimo havikuonyesha kitu. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Uzito mdogo wa kuzaliwa una sababu nyingi, na anayerukia chakula kabla ya kuondoa ugonjwa anaweza kupoteza kundi zima.

Dhana ya pili ilikuwa njaa ya mwisho wa mimba. Akiwa amesikia kwamba watoto hukua zaidi katika wiki za mwisho, mwenye shamba aliagiza kila jike, mkubwa kwa mdogo, aongezewe chakula kile kile hadi kilo 3.5 kwa siku kuanzia siku ya 85. Kundi lililofuata ndilo lililoonja agizo hilo, na matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko ya kundi la kwanza. Majike wakubwa walinenepa. Kuzaa kulirefuka hadi saa nyingi, watoto waliozaliwa wafu wakaongezeka, na baada ya kuzaa majike hao wakasusia chakula kwa siku kadhaa huku viwele vikiwa vigumu. Majike wachanga, ambao agizo lilitolewa kwa ajili yao, hawakubadilika sana.

Uchunguzi wa kihorini

Nilipoitwa kama mshauri, nilianza na kopo. Mhudumu alieleza kwa uhakika kwamba kipimo hakijabadilika tangu aanze kazi: «Kopo ni lile lile, na tunalijaza vilevile.» Alikuwa anasema kweli. Tulijaza kopo hilo mara kadhaa kwa chakula cha sasa, tukalisawazisha kwa kijiti na kulipima kwenye mizani, na kila mara lilitoa kilo 0.9. Mchanganyiko wa zamani, ambao tuliutengeneza upya kidogo kwa ajili ya kulinganisha, ulitoa kilo 1.1 kwa kopo hilo hilo. Maganda ya alizeti ni mepesi na hujaza nafasi. Jike aliyeandikwa kwenye daftari kuwa anakula kilo 2.2 alikuwa anakula kilo 1.8, na hicho ndicho kilichofanya kihori kiwe safi mapema.

Kisha tulishika mgongo wa kila jike kwa mkono, tukibonyeza juu ya mifupa ya nyonga na shina la mkia, na kuwapa alama za hali ya mwili kutoka 1 hadi 5. Wakati wa kuzaa, jike anatakiwa awe kwenye 3 au juu yake kidogo. Wengi wa wakubwa walikuwa kwenye 4, na wachanga walikuwa kati ya 2 na 2.5. Vyumba vilivyokuwa na mchanganyiko wa rika vilionyesha tofauti kubwa zaidi, na haikuhitaji kusimama hapo muda mrefu kujua kwa nini: chakula kilipomwagwa, majike wawili wakubwa walisimama ubavu kwa ubavu katikati ya kihori, na mchanga aliyejaribu kuingia alisukumwa kwa bega hadi pembeni, akasubiri.

La tatu lilikuwa hesabu. Maabara ilikuwa imepima protini ghafi, na hakukuwa na kosa katika kipimo chake. Kipimo hicho, kinachotokana na mbinu aliyoitoa Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, hupata kiasi cha naitrojeni iliyomo kwenye chakula na kukizidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Hakisemi naitrojeni hiyo imo katika asidi amino ipi, wala nguruwe ataweza kufyonza kiasi gani cha asidi amino hiyo. Nguruwe hana haja ya protini ghafi. Ana haja ya asidi amino, na katika chakula chenye msingi wa mahindi, laisini ndiyo inayopungua kwanza. Mashudu ya soya yana laisini karibu asilimia 2.8, na sehemu kubwa yake, karibu asilimia 88, hufyonzwa. Mashudu ya alizeti yenye maganda yana laisini karibu asilimia 1, na inayofyonzwa ni pungufu zaidi. Tulipopiga hesabu ya laisini inayofyonzwa, mchanganyiko wa zamani ulikuwa na asilimia 0.53, na mpya asilimia 0.37. Ukizidisha na uzito halisi wa chakula, jike aliyekuwa akipata gramu 11.7 kwa siku sasa alikuwa akipata gramu 6.7.

Viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 2012 vinatenganisha mahitaji kwa uzao na kwa hatua ya mimba, kabla na baada ya siku ya 90. Kwa jike wa uzao wa kwanza vinaweka takriban gramu 11 za laisini inayofyonzwa kwa siku katika hatua ya awali na karibu gramu 17 katika hatua ya mwisho, ilhali jike aliyezaa mara nne au zaidi huhitaji karibu gramu 7 katika sehemu kubwa ya mimba yake. Hapo fumbo la shamba likafumbuka. Gramu 6.7 zilimtosha mkubwa, au karibu zimtoshe, na kwa ubabe wake kihorini alipata zaidi ya hizo. Kwa mchanga zilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya haja yake mwanzoni, na chini ya nusu mwishoni. Majike wakubwa, ambao kila mtu aliwatazama kama uthibitisho kwamba chakula hakina kasoro, walikuwa mashahidi wasiofaa kwa kesi hii.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuhusu chakula: majike wa uzao wa kwanza na wa pili walihamishiwa vyumba vyao wenyewe. Hakuna mchanganyiko, hata uwe bora namna gani, utakaomfikia jike anayesubiri pembeni mpaka wenzake washibe, na hatua hii haikuhitaji kununua kitu.

Wa pili ulikuwa kupima chakula kwa uzito. Kopo halikutupwa, kwa kuwa wahudumu walilizoea. Liliwekewa alama mpya ndani, na ikakubaliwa kwamba kila tani mpya ya chakula inapochanganywa, kopo lipimwe upya kabla chakula hakijaingia bandani.

Wa tatu ulikuwa mchanganyiko. Soya ilikuwa inapatikana tena, ila kwa uchache. Tuliweka mahindi asilimia 52, pumba za ngano 30, mashudu ya alizeti 8, soya 7 na madini na vitamini 3. Laisini inayofyonzwa ikafika asilimia 0.46. Protini ghafi ya mchanganyiko huu, kwa hesabu, ni asilimia 14 vilevile; michanganyiko mitatu imekuwa na protini ghafi inayokaribiana kabisa, na laisini imetofautiana hadi karibu theluthi moja. Majike wakubwa walipewa kilo 2.2 na kuachwa hapo, wengine wakipunguziwa kidogo hadi wapungue unene. Wachanga walipewa kilo 2.4, ambazo huwapa gramu 11 za laisini.

Kuanzia siku ya 85, kila jike wa uzao wa kwanza aliongezewa gramu 250 za mashudu ya soya peke yake juu ya chakula chake cha kawaida, zikinyunyizwa kihorini mbele yake jioni. Kiasi hicho huongeza zaidi ya gramu 6 za laisini na kumfikisha kwenye gramu 17, huku nishati ikiongezeka kidogo tu. Mwenye shamba aliuliza kwa nini tusitumie laisini ya kiwandani, ambayo ni nafuu kubeba na huhitajika kwa gramu chache. Kulikuwa na sababu mbili za kukataa. Shamba halikuwa na mashine inayoweza kusambaza gramu chache sawasawa ndani ya mamia ya kilo, na chakula kilichochanganywa kwa koleo kingempa jike mmoja nyingi na mwingine asipate kitu. Pia, ukiziba pengo la laisini pekee, pengo linalofuata hufunguka, la asidi amino nyingine: threonini, na triptofani ambayo mahindi yana kidogo sana. Soya huleta zote kwa pamoja.

Pendekezo jingine la mwenye shamba lilikuwa kupandisha protini ya kundi zima hadi asilimia 18, ili kila mmoja apate na iwe imekwisha. Nililipinga kwa nguvu. Mwili wa nguruwe hauna ghala la asidi amino. Zinazozidi huvunjwa, naitrojeni yake ikageuzwa yurea na kutolewa kwa mkojo, kazi inayogharimu nishati na maji, na kinachobaki ni harufu kali ya amonia bandani na fedha iliyomwagwa sakafuni. Kwa majike wakubwa, ambao tayari walikuwa na mwili wa ziada, hakukuwa na faida yoyote ya kutarajia.

Nyongeza ya jumla ya kilo 3.5 ilisimamishwa siku hiyo hiyo.

Matokeo

Kundi la kwanza la majike wachanga kulishwa hivi tangu kupandwa hadi kuzaa lilitoa watoto wenye wastani wa kilo 1.3. Watoto walio chini ya kilo moja hawakuisha, kwani katika mzao mkubwa daima huwapo, lakini walipungua kiasi cha wahudumu kuweza kuwashughulikia mmoja mmoja kwa kuwasogeza kwenye chuchu za mbele katika saa za mwanzo. Mama zao waliingia kwenye kunyonyesha wakiwa na alama 3 na kutoka wakiwa na 2.5, na wengi wao walirudi kwenye joto ndani ya wiki moja baada ya kuachisha. Kwa majike wakubwa, kuzaa kulifupika na hamu ya kula ilirudi siku ya pili au ya tatu.

Wale tisa wa mwanzo hawakuponyeka kikamilifu. Wawili waliokataa kuingia joto waliondolewa. Waliobaki walipandwa, na uzao wao wa pili ulikuwa na watoto wachache kuliko wa kwanza, ingawa wakati huo walikuwa wanalishwa vizuri. Jike aliyemaliza misuli yake katika kunyonyesha huivisha mayai hafifu kwa ajili ya mimba ijayo, na hasara hiyo hujitokeza miezi minne baadaye, wakati kila mtu amekwisha kuamini kwamba tatizo limepita.

Kuhusu gharama, soya iliongeza bei ya kila kilo ya chakula. Kilichopunguza makali ni kilo zilizookolewa kwa majike wakubwa, ambao walikuwa wakilishwa kupita haja yao katika mwezi wa mwisho.

Uchambuzi

Inafaa kutazama kwa karibu kinachotokea tumboni, kwa sababu ndiko hoja yote ilipo. Katika siku 70 za mwanzo kijusi cha nguruwe hujenga protini kidogo mno, robo ya gramu hivi kwa siku; baada ya hapo hujenga zaidi ya gramu 4 kila siku. Kwa jike mwenye vijusi 12, hiyo ni zaidi ya gramu 50 za protini kila siku zinazoelekea kwa watoto, kabla hujahesabu kiwele, ambacho nacho hujenga tishu zake za maziwa hasa katika mwezi wa mwisho. Jike wa mimba ya kwanza ana mdai wa tatu, yaani mwili wake mwenyewe. Amepandwa akiwa na kilo 140 hivi, na bado ana makumi ya kilo za kukua. Chakula kikipungua, mimba hupewa kipaumbele, na mama hukatwa kwenye misuli yake. Ndiyo maana idadi ya watoto haikuanguka na hakuna mimba iliyotoka: mama alilipa kwanza, watoto wakalipa baadaye kwa uzito, na uzao wa pili ukalipa mwisho.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuacha kuuliza chakula kina protini asilimia ngapi na kuanza kuuliza jike huyu, wa uzao huu, katika siku hii ya mimba, amepata gramu ngapi za laisini. Asilimia ni sifa ya gunia. Bila kilo zilizoliwa haisemi lolote kuhusu mnyama, na hapa kilo zenyewe zilikuwa zimepotea ndani ya kopo. Wala isieleweke kwamba mashudu ya alizeti ni chakula kibaya. Yana kiasi kizuri cha asidi amino iitwayo methionini, na nyuzinyuzi zake humsaidia jike mwenye mimba kutulia na kutofunga choo. Kosa lilikuwa kuyapa kazi ya soya peke yake kwa majike wachanga.

Nyongeza ya mwisho wa mimba ilishindwa kwa sababu iliongeza kila kitu kwa kila mtu. Chakula kilichokuwa maskini wa laisini, kikiongezwa, huleta nishati nyingi zaidi kuliko protini inayofaa, na nishati ya ziada kwa jike aliyekwisha kukomaa huwa mafuta. Mafuta hayo humzuia kula wakati wa kunyonyesha, wakati ambapo mahitaji yake ni makubwa kuliko wakati wowote mwingine. Faida ya kuongeza chakula kwa wote mwishoni mwa mimba, pale ambapo chakula cha msingi kinatosha, ni ndogo kwa uzito wa watoto. Kwa jike mnene haifai hatari yake.

Kuna jambo ambalo kisa hiki hakiwezi kuthibitisha. Tulitenganisha majike, tukarudisha uzito wa chakula na tukarekebisha laisini kwa wakati mmoja, kwa hiyo haiwezekani kusema kila hatua ilichangia gramu ngapi za uzito wa watoto. Majike wachanga walikuwa wamepungukiwa nishati pia, si laisini tu, na alizeti yenye maganda ina nishati ndogo kuliko mahindi na soya iliyoyachukulia nafasi. Shambani mtu hana anasa ya kubadili kimoja kimoja huku watoto wakifa, lakini anayesoma tarakimu za matokeo azisome akijua hivyo.

Kasoro moja ilibaki hadi mwisho wa ushauri huu. Hata katika vyumba vya majike wachanga peke yao, kihori kilikuwa kimoja, na katika kila chumba alijitokeza mmoja aliyetangulia na mmoja aliyebaki nyuma. Gramu 250 za soya zilimfikia kila jike pale tu mhudumu aliposimama hapo hadi ziishe. Mwenye shamba ameanza kujenga vizuizi vifupi vya mabega kando ya kihori, na mpaka vikamilike, jike anayepimwa na kukutwa chini ya alama 2.5 siku ya 35 au ya 85 huhamishiwa chumba cha pembeni na kulishwa peke yake.